Jibini Nusu-Ngumu Likikataa: Dalili na Vyanzo Vyake

Jibini la aina ya gouda likiharibika, kosa huonekana wiki ya tatu au mwezi wa pili, ila lilifanyika siku ile ile maziwa yalipowekwa jikoni. Kulitazama jibini lililoiva peke yake hakutoshi. Inabidi urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike penye chanzo. Kwa hiyo matatizo hapa yamefuata mtiririko wa kazi, kuanzia maziwa yasiyoganda hadi ladha mbaya. Mlengwa ni mtu anayetumia lita 10 hadi 20 kwa mara moja, kwa sufuria ya kawaida na jiko la gesi, akiwa Nakuru, Njoro, Molo, Eldoret au Kitale, au Kisumu ambako joto lina mambo yake.

Kazi iliyokwenda sawa

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kizima kinafananaje. Lita 10 za maziwa hupashwa hadi nyuzi 63 na kushikiliwa hapo dakika 30, kisha hupozwa haraka hadi 31 au 32. Kianzishi, yaani bakteria wa kuchachusha wa joto la wastani wanaouzwa kama unga, hunyunyizwa juu, huachwa dakika 3 walowe, hukorogwa, na kupewa dakika 30 hadi 45. Kalsiamu kloridi gramu 1 hadi 2 iliyoyeyushwa kwenye maji huingia, halafu reneti, kimeng'enya cha kugandisha maziwa, kwa kipimo cha lebo. Mgando hukatwa vipande vya sentimita 1 na kukorogwa polepole dakika 15. Theluthi ya maji ya jibini, yaani maji yanayojitenga na mgando, hutolewa, na maji ya moto ya nyuzi 60 humiminwa kidogo kidogo mpaka sufuria ifike 34. Baada ya dakika 10 hutolewa tena kiasi na kupandishwa hadi 38. Punje zikiwa na mneso, zikishikana ukizifinya na kuachana ukizisugua kwa kidole gumba, hukusanywa zikiwa bado ndani ya maji yake na kuingizwa kwenye kalibu. Hugandamizwa saa 4 hadi 6, hulala kwenye maji ya chumvi ya asilimia 20 kwa saa 8 hadi 10, hukaushwa siku 2 au 3, hupakwa nta, na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 10 hadi 13. Lita 10 hutoa takriban kilo moja.

Sambamba na hayo, pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyopanda, hushuka: maziwa 6.6 hadi 6.7, wakati wa kukata 6.5, wakati wa kuingiza kwenye kalibu 6.3 au 6.4, kabla ya chumvi 5.3 au 5.4. Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu baada ya kipima joto, nunua kipima pH. Karatasi za kupimia husaidia kidogo, lakini kati ya 5.0 na 5.6, ambako ndiko hatima ya jibini huamuliwa, rangi zake hufanana mno.

Kabla ya yote, kipima joto

Kitumbukize kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo: kisome 0. Hapo usibishane nacho. Kwenye maji yanayochemka ndipo watu wanapojikwaa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Eldoret ni karibu 93, Kisumu karibu 96. Anayetarajia 100 atakiona kipima joto chake kizima kuwa kinapungukiwa na nyuzi 6, ataanza kuzijumlisha kila anaposoma, na siku hiyo atadhani maziwa yamefika 63 kumbe yako 57. Hapo hajaua viini vya ugonjwa wa brusela, na mgando wake atakaoupika kwa 32 badala ya 38 utabaki na maji mengi. Makosa mawili ya mbali, jikoni na kwenye rafu, kwa sababu moja.

Maziwa hayagandi, au mgando ni laini kama uji

Anza na swali rahisi: ni maziwa gani? Ya pakiti ya kukaa miezi bila friji hayafai kabisa. Yamepashwa joto kali mno, protini za maji ya jibini zimejibandika kwenye kaseini, ile protini inayogandishwa na reneti, na reneti haipati pa kushika hata uongeze kalsiamu ya gunia zima. Maziwa ya pakiti ya kawaida, hasa yale ambayo mafuta yake yamesagwa yasipande juu, huganda lakini mgando wake ni dhaifu. Yape kalsiamu kloridi gramu 2 kwa lita 10 na uyakate taratibu. Bora ni maziwa mabichi ya asubuhi ile ile, uyapashe mwenyewe. Hapo napo usizidishe: ukiacha sufuria ikafika 80 kwa sababu ulikwenda kumlipa mtu wa boda boda, hayo maziwa ni ya chai au ya mala, tafuta mengine.

Ukishaondoa hilo, shuku maji uliyoyeyushia reneti. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huiua reneti ndani ya dakika chache. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana magadi, na reneti haistahimili maji ya aina hiyo. Tumia maji ya mvua au ya chupa, yaliyochemshwa na kupoa kabisa. Robo kikombe yatosha kwa lita 10. Yeyusha reneti dakika chache tu kabla ya kumimina. Ikikaa nusu saa kwenye maji huku unapokea simu, nguvu imeshapungua.

Kama bado hujui mwenye hatia ni nani kati ya reneti na maziwa, mtihani wa vikombe viwili humaliza ubishi. Kikombe cha kwanza weka maziwa unayoyashuku, cha pili maziwa ya ng'ombe mwingine unayemwamini, vyote kwenye beseni la maji ya nyuzi 32. Tia reneti ile ile kiasi kile kile. Vyote vikichelewa, reneti imechoka: imepita tarehe, au ilisafiri kwenye mfuko juani kutoka Nairobi. Cha kwanza kikichelewa peke yake, ugonjwa uko kwenye maziwa.

Na ugonjwa wa maziwa huwa ni mmoja kati ya mitatu. Maji yaliyoongezwa: laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, ikisoma chini ya 1.028, mwulize mchuuzi wako vizuri. Ugonjwa wa kiwele: kaseini imepungua, chumvi imeongezeka, mgando unatepeta; kamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi utafute mabonge. Au maziwa yamekaa baridi siku 3 au zaidi, kalsiamu imehama mahali pake. Hili kalsiamu kloridi hulitibu, ingawa bakteria wa baridi waliozaliana humo watakudai deni lao baadaye kwa uchungu wa ladha.

Wakati wa kukata usitumie saa ya ukutani peke yake. Weka kibakuli chepesi cha plastiki kielee juu ya maziwa baada ya kutia reneti na ukizungushe kwa kidole kila dakika. Dakika kitakapokataa kuzunguka, iandike, zidisha kwa 3. Kikikwama dakika ya 12, unakata dakika ya 36 tangu reneti iingie. Kikikwama kabla ya dakika ya 8, reneti imezidi au maziwa yalikuwa yameanza kuchachuka. Punguza siku nyingine, kwa sababu reneti ya ziada haipotei, hubaki ndani ikikatakata protini na kuleta uchungu. Kikipita dakika ya 18, rudi juu usome tena sehemu hii.

Maji ya jibini ni meupe, na jibini limetoka dogo

Maji mazuri yana rangi ya kijani-njano na unaweza kuona kijiko ndani yake. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, mafuta na kaseini vinakwenda na maji, na badala ya kilo moja utapata gramu 800. Sababu ni mkono: mgando ulikatwa kabla haujakomaa, au ulikatwa na papo hapo ukakorogwa kwa nguvu. Baada ya kukata, uache dakika 5 bila kuugusa, ngozi nyembamba ijifunge juu ya kila kipande. Dakika 5 zinazofuata sogeza tu sufuria au mwiko kama unayeogopa kuamsha mtoto. Vipande vikubwa vinavyojitokeza vikate kimoja kimoja badala ya kuvisaga.

Uchachu haupandi

Saa 5 kwenye kalibu zimepita na pH bado ni 6.0, au jibini ni tamu ukilionja na linalia kwenye meno kama raba. Hili ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu uchachu ndio ulinzi. Jibini lisilochachuka siku ya kwanza limewaachia mlango wazi bakteria wa gesi na wa magonjwa pia.

Mtuhumiwa wa kwanza katika maeneo ya wafugaji wadogo ni dawa. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele kwa antibiotiki hutoa maziwa yenye dawa kwa siku kadhaa, lebo ndiyo husema ngapi, na mara nyingi ni masaa 72 au zaidi. Maziwa hayo huganda vizuri kabisa kwa reneti, ndiyo maana hayakushtui; bakteria wa kianzishi ndio wanaokufa kimya kimya. Kupasha joto hakuiondoi dawa. Ukinunua kutoka kwa mchuuzi anayechanganya maziwa ya nyumba kumi, ng'ombe mmoja anatosha kuharibu mtungi mzima. Vivyo hivyo kwa wale wachache wanaotia dawa ya kuzuia maziwa yasichachuke njiani.

Kipimo cha nyumbani hakigharimu chochote. Chemsha nusu lita ya maziwa hayo, yapoze hadi 30, tia vijiko 2 vya mala nzuri, funika mahali pa joto usiku kucha. Chemsha na maziwa ya ng'ombe asiyetibiwa, uyafanyie vivyo hivyo kando. Asubuhi, ya pili yakiwa yameganda na ya kwanza bado yanamiminika, umepata jibu, na huyo mchuuzi umwambie.

Mtuhumiwa wa pili ni kianzishi chenyewe. Unga uliofunguliwa na kuhifadhiwa kwenye droo ya jikoni hupoteza nguvu. Mahali pake ni sehemu ya barafu ya friji, pakiti imefungwa kwa mkanda. Baadhi ya watu hutumia mala ya pakiti, mililita 100 hadi 150 kwa lita 10. Hufanya kazi, kwa kuwa bakteria ni wa ukoo huo huo, mradi iwe mbichi na haijapashwa joto baada ya kuchachushwa. Mursik usiitumie. Ni nzuri kwa kunywa, lakini kibuyu kina hamira na bakteria wa kila namna wanaotoa gesi, na jibini lako litaumuka kama mandazi.

Mtuhumiwa wa tatu ni baridi. Molo na Mau Narok jioni hushuka chini ya nyuzi 12, na jibini dogo la kilo moja hupoteza joto upesi. Likishuka chini ya 20 bakteria hulala. Weka kalibu na uzito wake ndani ya sanduku la kuhifadhia baridi, pamoja na chupa 2 za maji ya nyuzi 40, ufunike. Sanduku halijui kama linatunza baridi au joto.

Hakuna dawa ya kurudisha uchachu baada ya jibini kuwa kwenye chumvi. Kama kesho yake asubuhi pH bado iko juu ya 5.6, tena maziwa hayakupashwa joto, usilihifadhi wala usimpe mtu.

Uchachu umepitiliza

Kinyume chake ni jibini linalovunjika kama chokaa, jeupe katikati, kali mdomoni, lisilokunjika hata ukikata kipande chembamba. pH yake iko chini ya 5.0. Uchachu ukizidi huiyeyusha kalsiamu inayoshika kaseini pamoja, na hakuna kuiva kutakakolirudisha.

Kisumu hili ndilo tatizo la kila siku. Chumba kikiwa na nyuzi 28 au 30, kalibu hubaki vuguvugu usiku kucha na bakteria hawapumziki. Punguza kianzishi kwa theluthi, fupisha dakika za kuwasubiri hadi 20, anza kazi alfajiri, na ulitie kwenye chumvi pindi pH inapogusa 5.4, hata kama ni saa 3 tu tangu uligandamize. Chumvi yenyewe iwe baridi. Hiyo ndiyo breki.

Sababu nyingine ni kuosha kidogo. Yale maji ya moto unayomimina mara mbili hayapo kwa ajili ya joto peke yake. Yanaondoa sukari ya maziwa ambayo bakteria wangeibadilisha kuwa asidi. Anayeona ni upotevu na kupasha sufuria moja kwa moja kwenye jiko anatengeneza jibini jingine kabisa, kavu na kali. Ukiosha kupita kiasi nako utapata jibini lisilo na ladha, laini kama sabuni ya mche iliyolowa.

Kwenye kalibu

Nyufa na mashimo yenye kona, yasiyo ya mviringo, si gesi. Punje zilipoa kabla hazijashikana, au hewa iliingia katikati. Zikusanye na kuzigandamiza kwa sahani nzito dakika 15 zikiwa ndani ya maji yake ya nyuzi 37 au 38, kisha hamisha bonge zima kwenye kalibu iliyotiwa kitambaa chenye joto.

Nje gumu na laini, ndani tepetepe, na baada ya wiki maji yanatoka: uzito ulikuwa mkubwa mapema mno, ganda likafunga na kuyazuia maji ndani. Kwa kalibu ya kipenyo cha sentimita 15, anza na kilo 5 kwa dakika 15, geuza, kilo 10 kwa nusu saa, geuza, kisha kilo 20 hadi mwisho. Jerikeni ya lita 20 ni mizani tosha. Lita moja ya maji ni kilo moja, unaongeza kadiri unavyotaka. Hakikisha tu imesimama wima, maana ikiinama jibini litatoka na bega moja.

Kitambaa kikinasia kwenye jibini na kung'oa ngozi, hukukigeuza mapema. Kikiwa kimenasa tayari, kilowanishe kwa maji ya jibini ya vuguvugu, usikivute kikavu.

Mashimo ya gesi

Kwanza yaliyo salama. Vitundu vichache vya mviringo, vinavyong'aa ndani, vya ukubwa wa punje ya choroko, ni kazi ya bakteria wa harufu waliomo katika baadhi ya vianzishi. Hilo ni pambo. Na jibini kuelea kwenye maji ya chumvi si dalili ya kitu. Majibini yote huelea, kwa kuwa maji hayo ni mazito. La kutia shaka ni lile linaloelea juu kama kizibo, limevimba na likibonyezwa linarudi kama sifongo.

Likivimba ndani ya saa 24 au 48, likiwa na vitundu vingi mno vidogo vidogo, na harufu ya zizi au ya chachu ya mkate, umeingiliwa na bakteria wa kinyesi au hamira. Chanzo ni uchafu: chuchu hazikufutwa, mtungi wa plastiki wenye mikwaruzo, kitambaa kilichofuliwa na nguo za nyumbani, mikono iliyotoka kukanda unga. Mara nyingi huambatana na uchachu uliochelewa, kwa maana walikuta uwanja mtupu. Hilo litupe, hata nguruwe usimpe bila kulichemsha.

Ili usirudie, yapime hayo maziwa mabichi kabla ya kuyatengenezea: chupa ya kioo iliyochemshwa, ijaze, ifunike, iweke kwenye nyuzi 37 kwa saa 24. Mgando laini kama mtindi ni dalili njema. Mgando uliochanika, uliojaa mapovu na kupanda juu ya maji yake, unakuonyesha jibini lako lingekuwaje. Vyombo vya chuma vichemshe dakika 10 kamili, Nakuru hata 15, kwa vile maji yetu huchemka kwa joto la chini. Mitungi ya plastiki ya kubebea maziwa iache; chukua ya alumini au chuma kisichoshika kutu.

Uvimbe unaokuja wiki ya tatu na kuendelea ni mnyama mwingine. Nta hupasuka, jibini hutuna kama mpira, ukilikata kuna mapango na nyufa ndefu, na harufu ni ya siagi iliyooza. Huyo ni bakteria wa klostridia, na anatoka kwenye saileji, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa. Mbegu zake hupita tumboni mwa ng'ombe, hutoka na kinyesi, hushika kwenye chuchu na kuingia kwenye ndoo. Nyuzi 63 hazimfanyi kitu. Wakulima wa Njoro, Rongai na Uasin Gishu wanaolisha saileji ya mahindi wakati wa kiangazi wataliona tatizo hili kati ya Januari na Aprili kuliko miezi mingine, hasa kama saileji ilifunikwa vibaya, ikaingia udongo au ikaota ukungu.

Viwanda hutumia chumvi za naitreti kumzuia. Nyumbani hatushauri: kipimo ni kidogo mno na kosa la mizani ni hatari. Njia za mkulima ni hizi. Maziwa ya jibini la kukaa yatoke kwa ng'ombe anayekula nyasi kavu za boma Rhodes au napia, na yale ya ng'ombe wa saileji yawe ya mala na mtindi. Osha na kukausha chuchu, kila ng'ombe na kitambaa chake. Tengeneza majibini madogo ya kilo moja, ambamo chumvi hufika katikati haraka. Na usiruhusu mahali pa kuivishia pazidi nyuzi 13.

Tukiwa kwenye malisho: mahindi yaliyoota ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa ya jibini. Sumu ya aflatoksini hupita kwenye maziwa, haifi kwa moto, na kwa kuwa hujishikiza kwenye kaseini, jibini huwa nayo nyingi zaidi kwa kilo kuliko maziwa yenyewe. Hiyo haina dalili utakayoiona wala kuionja.

Maji ya chumvi

Lita 4 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kilo 1 ya chumvi: hiyo ndiyo asilimia 20. Jibini la kilo moja likitoka na ngozi yenye utelezi kama limepakwa gundi, tatizo karibu kila mara ni maji mapya yasiyo na kalsiamu. Yananyonya kalsiamu ya ganda mpaka ganda linayeyuka. Tia kalsiamu kloridi gramu 1 hadi 1.5 kwa kila lita, na siki kidogo mpaka pH ifike 5.2. Utelezi huo huo hutokea chumvi ikiwa chini ya asilimia 15, kwa hiyo ongeza gramu 100 hivi kila baada ya jibini la kilo moja, na upande unaoelea juu unyunyizie chumvi kavu, uligeuze katikati ya muda. Maji haya hayatupwi kila mara. Yachuje, yachemshe, yapoze, yatumie tena miezi.

Kwenye rafu

Ganda linapasuka: hewa kavu au upepo. Nakuru mwezi wa Januari na Februari jibini lisilo na nta linaweza kupasuka siku ya pili ya kukaushwa. Lifunike kwa sanduku la plastiki ambalo kifuniko chake kimeachwa wazi upana wa kidole, na uligeuze asubuhi na jioni. Ufa uliokwisha kutokea uzibe kwa siagi au mafuta ya nazi kabla ukungu haujauona.

Ukungu wa kijani au bluu juu ya ganda futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi na siki, kila siku 2. Ulioingia kwenye ufa kata, sentimita 2 kuuzunguka pande zote. Weusi au waridi unaoambatana na utelezi na harufu mbovu maana yake chumba kina unyevu mno na ganda lilifungwa likiwa bichi. Vumbi la rangi ya kahawia linalotambaa ukilitazama kwa makini ni utitiri; lipige brashi nje ya nyumba, osha rafu kwa maji yanayochemka, na hamisha majibini mengine.

Nta inayobanduka au kutoa jasho ndani ilipakwa kabla jibini halijakauka. Ngozi inapaswa kuwa kavu kwenye kiganja, isiyonata. Nta ya mishumaa ya dukani hupasuka, si ya kazi hii. Ya nyuki, kwa mfano ile ya warina asali wa Baringo, ni nzuri ukiilainisha na mafuta kidogo. Iyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, na upake tabaka 2.

Kuhusu baridi: chumba cha udongo Molo kinaweza kutosha mwaka mzima. Nakuru kibanda cha kuta za makaa yaliyoloweshwa hufanya kazi vizuri miezi ya ukavu. Kisumu hewa ya ziwa ina unyevu mwingi, na makaa hayatapoza vya kutosha; huko ni friji kuukuu yenye kidhibiti joto cha nje kilichowekwa 12. Ijaze chupa za maji kwenye nafasi tupu, stima ikipotea saa kadhaa joto halitaruka. Friji ya kawaida ya nyuzi 4 haiharibu jibini, ila halitaiva. Litakuwa na umri wa miezi 3 na ladha ya wiki 3.

Ladha

Uchungu unaobaki nyuma ya ulimi una vyanzo vingi: reneti iliyozidi, chumvi iliyopungua, maji mengi ndani, maziwa yaliyokaa friji siku nyingi, au reneti ya mimea na ya ukungu ambayo kwa asili hukatakata protini zaidi. Kabla ya kulitupa, lipe wiki 4 hadi 6 zaidi kwenye baridi. Vipande vya protini vinavyoleta uchungu huendelea kuvunjwa na bakteria, na mara nyingi hupungua. Ukiendelea kuwepo, hilo ni la kupikia, na kundi lijalo punguza reneti kwa robo.

Ladha ya sabuni, au mafuta yaliyochacha, hutokana na mafuta ya maziwa kuvunjika. Mtungi uliojaa nusu, ukirukaruka nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya mawe, hupasua vijitone vya mafuta na kuviachia vimeng'enya vya maziwa mabichi viyashambulie. Mwambie mchuuzi aujaze mtungi mpaka shingoni, na upashe maziwa joto mara tu yanapofika badala ya kuyaacha mpaka mchana. Maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka yana tabia hiyo hiyo hata yasipotikiswa, kwa hiyo miezi yake miwili ya mwisho yaende kwenye chai.